Oganeli isiyo na utando: uishike fasili ipi?

Fasili mbili zinagombania neno oganeli. Ya kwanza inasema oganeli ni sehemu ya seli iliyofungwa ndani ya utando wake yenyewe: mitokondria, kloroplasti, lisosomu, mwili wa Golgi. Ya pili inasema oganeli ni sehemu yoyote ya seli yenye umbo linalotambulika na kazi yake maalumu, utando uwepo usiwepo. Ukishika ya kwanza, ribosomu, nukleoli na sentrosomu zinatoka kwenye orodha. Ukishika ya pili zinabaki, na zinafuatwa na kundi jingine ambalo madaftari mengi ya shule hayajawahi kulitaja.

Anayesoma baiolojia Nairobi hukutana na zote mbili. Shuleni ameandika kwamba ribosomu ni oganeli inayounda protini, akapewa alama. Akifika mwaka wa kwanza chuoni, pengine pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, anaweza kuambiwa kwamba oganeli ni lazima iwe na utando. Akianza utafiti, anakuta makala zimejaa oganeli zisizo na utando. Hakuna aliyemdanganya. Kila mmoja alitumia fasili yake bila kuitaja, na hapo ndipo pa kurekebisha kwanza.

Tunaegemea fasili pana, mradi iwekewe mipaka, na mradi kila mara useme kama oganeli unayoitaja ina utando au haina. Lakini sababu yetu si ile inayotolewa sana. Watu huitetea fasili pana kwa kutaja ribosomu, na ribosomu ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. Shahidi wa nguvu ni nukleoli.

Neno lilikotoka

Mwaka 1884 Karl Möbius, mwanazoolojia wa Ujerumani, alipendekeza neno organula, yaani ogani ndogo, kwa sehemu za viumbe vya seli moja. Mnyama mkubwa ana ogani zake. Kiumbe cha seli moja nacho kina visehemu vinavyofanya kazi za namna hiyo. Hoja ilikuwa kazi. Utando haukuwa sharti na usingeweza kuwa, kwa kuwa unene wake ni nanomita 7 hivi, na hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha nukta mbili zilizo karibu kuliko nanomita 200 hivi. Tando za ndani ya seli zilionekana wazi baada ya hadubini ya elektroni kuingia maabara katika miaka ya 1940 na 1950.

Kile ambacho utando pekee unaweza

Fasili finyu ina hoja nzito, na asiyeitaja haitendei haki. Chukua lisosomu. Ndani yake pH ni kati ya 4.5 na 5, ilhali saitoplazimu inayoizunguka iko karibu 7.2. Tofauti hiyo ni ya zaidi ya mara 100 kwa wingi wa ioni za haidrojeni, na inashikiliwa na utando mmoja tu pamoja na pampu zilizopachikwa ndani yake. Christian de Duve na wenzake waliitambulisha lisosomu mwaka 1955 kwa sababu ya utando huo. Vimeng'enya vyao vya asidi vilionyesha nguvu ndogo katika sampuli mpya, kisha nguvu hiyo ikapanda sampuli ilipokaa kwenye friji siku kadhaa. Vimeng'enya vilikuwa vimefungiwa. Mfuko ulipopasuka vikatoka.

Mitokondria inategemea utando zaidi hata ya lisosomu. Utando wake wa ndani hubeba tofauti ya volti ya milivolti 150 hadi 180 hivi, na mkondo wa protoni unaorudi ndani ndio unaozungusha kimeng'enya kinachotengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Toboa utando huo na kazi inasimama papo hapo. Tone la protini na RNA lisilo na utando, la aina tutakayoikuta kwenye nukleoli, haliwezi kushikilia volti ya namna hiyo.

Kwa hiyo kama swali lako ni la nishati, la usafirishaji wa ioni au la dawa inayonaswa mahali fulani, kugawanya seli kwa tando kutakusaidia kuliko mgawanyo mwingine wowote. Klorokwini ni mfano unaoeleweka upesi hapa kwetu. Ni besi dhaifu. Inapenya hadi kwenye vakuoli ya chakula ya kimelea cha malaria, inapata protoni katika asidi iliyomo, na ikishabeba chaji haivuki tena utando kurudi nje kwa urahisi. Bila utando mtego huo haupo.

Nukleoli, iliyo mezani pako

Nukleoli ilielezwa na wataalamu wa hadubini katika miaka ya 1830, miongo kadhaa kabla ya mitokondria kupewa jina hilo mwaka 1898. Unaweza kuiona kwa vifaa vya maabara ya shule ya kawaida.

Chukua kitunguu, ukikate vipande vinne, utoe ganda moja nene. Livunje taratibu kuelekea upande wa nje ili ngozi nyembamba ya upande wa ndani ining'inie, kisha uivute kwa koleo. Unahitaji kipande cha milimita 5 kwa 5 tu. Kitandaze ndani ya tone la maji juu ya slaidi, ongeza tone moja la iodini iliyozimuliwa, teremsha kioo cha kufunikia kwa mshazari wa nyuzi 45 ili hewa itoke, futa maji yaliyozidi, subiri dakika mbili. Anza na lenzi ya ×4, nenda ×10, malizia ×40. Punguza uwazi wa daiframu kabla ya kulaumu hadubini. Kiini kitaonekana kama yai la rangi ya manjano-kahawia, mara nyingi kimebanwa ukutani, na ndani yake kuna nukta moja, mbili au zaidi zenye mng'ao tofauti. Hizo ndizo nukleoli.

Mambo manne huharibu zoezi hili. Ngozi ikijikunja unatazama tabaka mbili na viini vinapandana. Iodini kali hukipaka kiini chote rangi moja nukta zikapotea. Daiframu iliyo wazi kabisa hufuta utofauti wa mwanga na kivuli. Na kipande kilichokauka kabla ya kufunikwa hakifai, toa kingine.

Sasa angalia tena ulichokiona. Mistari inayogawa seli na seli ni kuta za selulosi, si tando. Utando wa seli umebanwa kwenye ukuta na huuoni. Utando wa kiini nao huuoni kama mstari wake. Unaona ukingo tu, mahali vitu viwili vinavyopinda mwanga tofauti vinapokutana. Sehemu isiyo na utando umeiona, na utando wenyewe hukuuona. Mwalimu akisema mbele ya slaidi hiyo kwamba oganeli hutambulika kwa utando wake, anataja kipimo ambacho meza yake haina uwezo wa kukipima.

Je, nukleoli inafanya nini hasa? Ndipo RNA ya ribosomu inanakiliwa, inakatwa, na kuanza kuunganishwa na protini zinazoingia kutoka saitoplazimu. Kwa binadamu jeni za RNA hiyo ziko kwenye kromosomu namba 13, 14, 15, 21 na 22, yaani jozi tano, sehemu kumi kwa jumla. Seli ikimaliza kugawanyika, nukleoli ndogo huanza kujengeka kwenye sehemu hizo, kisha zinaungana mpaka zinabaki chache. Ndani ya kila moja mna tabaka tatu, na kazi inasogea kutoka ya ndani kwenda ya nje. Seli inapoanza kugawanyika tena nukleoli inasambaratika. Mgawanyiko ukiisha inajijenga upya.

Kinachoishikilia ni mvutano dhaifu mwingi kati ya protini na RNA. Wingi wa molekuli hizo ukipita kiwango fulani, zinajitenga na majimaji yanayozizunguka kama matone. Mwaka 2009 Clifford Brangwynne, Anthony Hyman na wenzao walionyesha kwamba chembechembe za P katika kiinitete cha mnyoo C. elegans hutiririka, huungana na huyeyuka kama matone ya kimiminika. Mwaka 2011 ikaonyeshwa kwamba nukleoli za mayai ya chura Xenopus nazo zina tabia hiyo. Kazi hiyo iliwapa Brangwynne na Hyman tuzo ya Breakthrough ya mwaka 2023.

Ukitaka picha ya jikoni, tazama supu ya mbuzi inapopoa: macho ya mafuta yanasogeleana, yanagusana, yanakuwa jicho moja la duara. Mfano huu unafaa kwa kuungana, lakini usiuvute mbali. Mafuta yanayafukuza maji, ilhali tone la nukleoli limejaa maji ndani yake, na molekuli zinaingia na kutoka kila sekunde.

Nukleoli, basi, ina mahali pake, ina mpangilio wa ndani, inachagua kinachoingia, ina kazi isiyofanyika kwingine, na inaonekana kwa hadubini ya shule. Fasili inayoiacha nje imepima kitu kisicho sahihi.

Ribosomu, shahidi asiyefaa

Ribosomu ya binadamu ina upana wa nanomita 25 hadi 30. Ya bakteria ni ndogo kidogo. Ya kwetu huitwa 80S, imeundwa na sehemu za 60S na 40S. Ya bakteria ni 70S, kwa 50S na 30S. (Mtu asijisumbue kujumlisha: S ni kipimo cha kasi ya kuzama kwenye sentrifuji, na kasi hiyo hutegemea umbo pamoja na uzito, kwa hiyo 60 na 40 havitoi 100.) Seli moja ya binadamu ina mamilioni yake.

Ribosomu haina ndani. Hakuna nafasi iliyotengwa na nje, hakuna kitu kinachokusanywa mle. Ni mashine ya molekuli yenye idadi maalumu ya vipande, kila kimoja na mahali pake. Proteasomu, mashine inayosaga protini zilizochakaa, ni hivyo hivyo: kubwa, yenye umbo maalumu, yenye kazi maalumu. Ni wachache wanaoiita oganeli. Ukiikubali ribosomu kwa sababu tu ina umbo na kazi, proteasomu inagonga mlango, na nyuma yake kila kimeng'enya kikubwa. Hapo wenye fasili finyu wana haki ya kulalamika kwamba fasili pana haina ukingo.

Ukingo upo, na unawekwa kwa maswali matatu. Je, sehemu hii hukusanya molekuli za aina nyingi kwa idadi inayoongezeka na kupungua, au ni muundo wenye idadi iliyofungwa? Je, inachagua nini kiingie na nini kibaki nje? Je, ikisambaratishwa huku molekuli zake zote zikiwa bado zipo, kazi inabadilika? Nukleoli inajibu ndiyo kwa maswali mawili ya mwisho, na kwa swali la kwanza ni mkusanyiko usio na idadi maalumu. Ribosomu inaanguka kwenye swali la kwanza.

Sentrosomu inapita, na inapita kwa njia inayofundisha. Sentrioli mbili zilizo katikati yake ni miundo migumu, kila moja na mafungu tisa ya vijirija vitatu vitatu, upana wa nanomita 200 hivi. Hizo peke yake zingekuwa mashine. Lakini zimezungukwa na wingu la protini linalopanuka seli inapojiandaa kugawanyika na kusinyaa baadaye, na wingu hilo ndilo linaloanzisha nyuzi za kuvuta kromosomu. Sentrosomu ni vyote viwili pamoja. Na kwa kuwa kitunguu kimeshatajwa: mimea ya maua haina sentrioli. Anayezichora katika seli ya kitunguu inayogawanyika anapoteza alama kwa fasili yoyote ile.

Koti la tripanosoma

Kwa wanaofanya kazi Uthiru, ambako ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ilirithi utafiti wa ILRAD, taasisi iliyoitangulia, kuhusu magonjwa ya mifugo, au Kasarani kwa watu wa mbung'o, kwenye taasisi ya wadudu ya icipe, mjadala huu unagusa moja kwa moja kimelea wanachokichunguza.

Trypanosoma brucei, anayeenezwa na mbung'o na kuleta malale kwa watu na nagana kwa mifugo, huishi kwenye damu akiwa amevaa koti la mamilioni ya nakala za protini moja, VSG. Kinga ya mwili ikishalitambua koti hilo, baadhi ya vimelea wanakuwa wameshavaa jingine. Jenomu ina akiba ya zaidi ya jeni elfu moja za koti, na maeneo karibu 15 ambamo jeni ya koti inaweza kunakiliwa akiwa kwenye damu. Hata hivyo wakati wowote ni eneo moja tu linalofanya kazi. Mwaka 2001 Miguel Navarro na Keith Gull walionyesha kwamba eneo hilo moja hukaa ndani ya kituo kidogo katika kiini, nje ya nukleoli, ambacho watafiti hukiita ESB. Kimejaa polimerasi I ya RNA, kimeng'enya kinachonakili jeni, na hakina utando.

Fasili finyu haina la kusema kuhusu kituo hicho. Kwake ni sehemu tu ya kiini. Lakini mbinu ya kimelea kujificha inahusiana na mahali hapo. Kinyume chake, katika mwili huo huo kuna glikosomu, mifuko yenye utando mmoja inayobeba hatua saba za kwanza za kuvunja glukosi, na hapo fasili finyu inafanya kazi vizuri sana: utando ndio unaotenganisha hatua hizo na nyingine. Kisha kuna kinetoplasti, wavu wa DNA ulio ndani ya mitokondria, wenye maelfu ya pete ndogo zilizoshikamana. Hauna utando wake, na wengi huuita oganeli bila kusita. Hatungefanya hivyo, huo ni jenomu ya mitokondria iliyopangwa kwa namna ya pekee, na jina kinetoplasti linatosha.

Kwenye benchi: jinsi ya kujua, na yanayokwenda mrama

Seli ikisagwa katika sukrosi ya 0.25 M kwa nyuzi 4 za selsiasi, sentrifuji inazitoa oganeli kwa zamu: viini kwa 1,000 g (mara 1,000 ya mvutano wa dunia) dakika 10, mitokondria na lisosomu kwa 10,000 g dakika 20, vipande vya retikulamu kwa 100,000 g saa moja, na ribosomu kwa nguvu na muda zaidi ya hapo. Sukrosi inazuia mifuko isifyonze maji ikapasuka. Tone halina mfuko. Seli ikipasuliwa katika ujazo mkubwa wa maji, molekuli zinazimuliwa, wingi unashuka chini ya kiwango cha kujitenga, na matone mengi yanayeyuka kabla ya mrija kuingia kwenye mashine. Ndiyo sababu mojawapo oganeli za aina hii zilichelewa kutambuliwa: njia kuu ya kutenga oganeli ilikuwa inazifuta.

Jaribio la haraka la utando ni sabuni ya maabara kama Triton X-100, asilimia 0.1 hadi 1. Lisosomu inamwaga kilichomo, ribosomu haijali. Kwa matone, wengi hutumia 1,6-heksanedioli ya asilimia 5 hadi 10 kwa dakika chache, ambayo hulegeza mvutano dhaifu. Usiiamini peke yake. Inadhuru kinasi na vimeng'enya vingine, inabadilisha kromatini, na ikikaa muda mrefu inaua seli, kwa hiyo unachoona kinaweza kuwa seli inayokufa. Weka 2,5-heksanedioli kama kilinganishi, na uongeze ushahidi wa aina nyingine.

Ushahidi huo mwingine ni kuunguza kwa leza nusu ya doa linalong'aa na kupima mng'ao unarudi kwa kasi gani. Ukirudi ndani ya sekunde chache kutoka nusu ya pili, molekuli zinatembea ndani ya doa. Usiporudi kabisa, una kitu kigumu. Ugumu huo si jambo dogo: protini FUS yenye mabadiliko yanayoleta ugonjwa wa niuroni za misuli, ALS, hugeuka upesi zaidi kutoka tone hadi nyuzi ngumu.

Kosa linalorudiwa zaidi liko mwanzoni kabisa. Mtafiti anaingiza jeni ya protini yake ikiwa na alama ya kung'aa, chini ya kichocheo (kipande cha DNA kinachowasha jeni) chenye nguvu, na seli inajaa mara kumi ya kiasi cha kawaida. Protini inapita kiwango cha kujitenga na matone mazuri yanaonekana. Hayo ni matone ya jaribio, si ya seli. Weka alama kwenye jeni yenyewe mahali ilipo, ili kiasi kibaki cha asili. Kosa la aina hiyo hiyo kwenye mrija ni kuongeza PEG, polima inayozisonga molekuli, mpaka protini ijitenge. Protini nyingi zitajitenga ukizisonga vya kutosha. Nalo la tatu ni formaldehidi: kuhifadhi seli kwa formaldehidi ya asilimia 4 kunaweza kuongeza matone au kuyafuta, hivyo hakikisha umeyaona pia katika seli hai.

Chembechembe za dhiki zinafaa kwa kujifunzia kwa sababu zinakuja na kuondoka. Seli za binadamu zikipewa arsenaiti ya sodiamu ya 0.5 mM kwa dakika 30 hadi 60, kazi ya kuunda protini inasimama na RNA zilizokwama zinakusanyika pamoja na protini G3BP1. Kilinganishi ni sikloheksimidi, ambayo huzigandisha ribosomu juu ya RNA zikashindwa kuachana. Chembechembe halisi za dhiki huyeyuka. Zisipoyeyuka, shuku kwamba umepata bonge la protini lililoharibika. Arsenaiti ni sumu kali: glovu, mizani ndani ya kabati la hewa, na mabaki kwenye chombo chake, kamwe si kwenye sinki.

Fasili finyu nayo ina mtego wake wa benchi. Chini ya hadubini ya elektroni utando huonekana kama mistari miwili myeusi yenye mwanga katikati, lakini tu pale kisu kilipoukata wima. Ukikatwa kwa mshazari unakuwa ukungu, na anayesoma picha moja anaweza kuandika kwamba utando haupo. Tazama vipande kadhaa vinavyofuatana kabla ya kuamua.

Bakteria

Sentensi kwamba prokariyoti (bakteria na jamaa zao) hawana oganeli imekaririwa mno, na inaanguka kwa fasili zote mbili. Bakteria wanaofuata sumaku, walioelezwa na Richard Blakemore mwaka 1975, wana magnetosomu, fuwele za madini ya chuma zilizofungwa ndani ya utando. Sianobakteria wana kaboksisomu, boma la protini pekee lenye Rubisco, kimeng'enya kinachonasa kaboni dioksidi, ndani yake. Sentensi iliyo salama ni fupi: prokariyoti hawana kiini kilichofungwa na utando.

Ubavu kwa ubavu

| Sehemu | Kwa utando | Kwa kazi, na maswali matatu | Tunavyoandika |
|---|---|---|---|
| Mitokondria | Ndiyo, tando mbili | Ndiyo | oganeli yenye utando |
| Lisosomu | Ndiyo, mmoja | Ndiyo | oganeli yenye utando |
| Nukleoli | Hapana | Ndiyo, bila shaka | oganeli isiyo na utando, ndani ya kiini |
| Sentrosomu | Hapana | Ndiyo | oganeli isiyo na utando |
| Chembechembe za dhiki | Hapana | Ndiyo | oganeli ya muda isiyo na utando |
| Ribosomu | Hapana | Dhaifu | mashine ya molekuli. Shuleni, oganeli |
| Kaboksisomu | Hapana, boma la protini | Ndiyo | oganeli ya bakteria yenye boma la protini |
| Tone la mafuta | Nusu: tabaka moja la fosfolipidi | Ndiyo | oganeli yenye tabaka moja |

Tone la mafuta linastahili kutazamwa mara ya pili. Utando wa kawaida una tabaka mbili za fosfolipidi. Hili lina moja, kwa kuwa ndani yake ni mafuta na si maji. Fasili finyu haijui ilitie wapi. Fasili pana haisumbuki.

Unachagua kwa kazi uliyo nayo

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, aandike ribosomu kuwa oganeli na nukleoli kuwa sehemu ya kiini inayotengeneza ribosomu. Chumba cha mtihani si mahali pa kuijadili fasili. Swali likitaka oganeli zenye utando, neno hilo litakuwa ndani ya swali. Lisome mara mbili.

Mwalimu anayeandaa somo, awe wa 8-4-4 au wa mtaala wa umilisi, atoe fasili pana kwanza na kuigawa papo hapo: tando mbili, utando mmoja, bila utando. Kuanza na fasili finyu kisha kuitaja ribosomu kama tofauti huwaacha wanafunzi na kanuni iliyovunjika siku ya kwanza. Mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, kama haina utando inajishikilia vipi?", ameuliza swali zuri kuliko yote ya sura hiyo, na supu ya mbuzi itamjibu vya kutosha kwa siku hiyo.

Anayeingiza data za jeni hana la kuchagua. Gene Ontology, kamusi ya kompyuta ya istilahi za jeni, imeshaamua kwa fasili pana: oganeli ni GO:0043226, zenye utando ni GO:0043227, zisizo na utando ni GO:0043228, na ribosomu pamoja na nukleoli ziko tawi la zisizo na utando. Ukichuja kwa GO:0043227 pekee ukidhani umepata oganeli zote, protini za ribosomu hutazipata kwa njia hiyo, na uchambuzi wote utapinda bila mashine kukuonya.

Mtafiti wa shahada ya uzamili aandike fasili yake katika sentensi moja ndani ya utangulizi, na asiite doa linalong'aa kondensati, yaani tone lililojitenga, kabla ya kuwa na vipimo viwili visivyotegemeana. "Doa" ni neno la heshima likiwa ndilo ulilo na ushahidi wake.

Na kwa anayeandika au kufasiri kwa Kiswahili: tumia "oganeli yenye utando" na "oganeli isiyo na utando", maneno kamili, kila mara tofauti hiyo ina maana. Epuka "oganeli halisi", kwa sababu inaamua mjadala kabla msomaji hajausikia. Tenganisha utando na ukuta. Seli ya kitunguu ina vyote viwili, ya shavu lako ina utando tu. Na kiini kibaki jina la kile kikubwa chenye utando. Nukleoli ikiitwa "kiini kidogo", msomaji atakipa utando ambao hakina.